Mipangilio ya programu

Mipangilio ya programu ni thamani zinazoamua namna programu ya kompyuta itakavyofanya kazi mahali fulani bila kugusa msimbo wake: lugha, sarafu, saa za eneo, anwani ya hifadhidata, nenosiri. Usimamizi wake una nguzo mbili: chaguo-msingi, yaani thamani inayoshika nafasi pale ambapo hakuna iliyoandikwa, na uhakiki, yaani ukaguzi wa kila thamani kabla kazi haijaanza.

Mahali inapokaa

Mipangilio huandikwa kwenye faili, kwa mfano za muundo wa YAML, au kwenye vigeu vya mazingira, vilivyoingia katika Unix Toleo la 7 mwaka 1979. Mwaka 2011 Adam Wiggins wa kampuni ya Heroku alihimiza itengwe kabisa na msimbo. Kwa kawaida amri ya mwendeshaji hushinda kigeu cha mazingira, kigeu hushinda faili, na chaguo-msingi huja mwisho.

Chaguo-msingi: Dzaleka na Lilongwe

Mfano wa chaguo-msingi unapatikana Malawi. Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, ilifunguliwa mwaka 1994. Wakazi wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili kinatumika sana humo. TakenoLAB, iliyoanzishwa na Remy Gakwaya, hufundisha vijana wa kambi kutengeneza programu. Jijini Lilongwe, umbali wa kilomita 40 na ushei, Kichewa ndicho kinachotawala.

Kwa hiyo programu itakayotumika kote kuwili inaweza kuwa na chaguo-msingi la sarafu (MWK, kwacha ya Malawi) na la saa (Africa/Blantyre), ila lugha iachwe ichaguliwe: sw (Kiswahili) au ny (Kichewa). Mipangilio ikinakiliwa kutoka Nairobi, risiti zitatangulia kwa saa moja, kwani Kenya inafuata UTC+3 na Malawi UTC+2. Ikinakiliwa kutoka Bujumbura, saa zitalingana na kosa la sarafu ndilo litakalobaki.

Uhakiki

Kigeu cha mazingira ni maandishi tu. Katika lugha ya Python, neno "False" lililoachwa kama maandishi huhesabiwa kuwa kweli, kwa sababu si tupu; hivyo swichi iliyokusudiwa kuzimwa huwaka. Katika YAML 1.1, NO, alama ya Norway, husomwa kuwa "si kweli" isipowekwa ndani ya alama za kunukuu.

Mhakiki hupima aina ya thamani, mipaka yake (namba ya mlango wa mtandao haizidi 65535) na orodha inayokubalika. Maktaba ya Pydantic, iliyoanzishwa na Samuel Colvin mwaka 2017, hufanya hivyo kwa Python na hutaja makosa yote kwa pamoja, jambo linalomwokolea muda fundi aliye mbali na seva.

Nenosiri na anwani ya hifadhidata halisi havipewi chaguo-msingi. Vikikosekana, programu inapaswa kukataa kuwaka na kutaja kilichokosekana, bila kuchapisha siri yoyote.