4K ya Nini? Historia Ndogo ya Kuiangalia Pwani Kutoka Juu

Kila wiki lazima nipate DM ya swali lile lile: "Bro, nikirusha droni nirekodi na 4K ama 1080p?" Jibu la haraka mnalijua, liko kila mahali: rekodi na kubwa kabisa, utapunguza baadaye. Mimi sikubaliani nalo, angalau si lote. Rezolusheni si mambo ya video kupendeza tu. Historia ya kamera za angani kwenye pwani hii yaonyesha kuwa swali halisi ni jingine: kutoka kule juu wataka kutambua nini, cha nani, na ukishakitambua utakifanyia nini?

Mimi nakaa Mwembe Tayari. Chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hiyo huu si mhadhara. Lakini kusoma sikuacha, na hii story ukiisoma mpaka mwisho hutagusa ile menyu ya video vile vile tena.

Tuanze na meli.

Tarehe 20 Septemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeanza juzi tu, manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg iliingia Zanzibar ikaikuta meli ya Waingereza, HMS Pegasus, imetia nanga inatengenezwa. Ikaizamisha. Halafu ikakimbilia delta ya mto Rufiji, Tanzania ya leo, ikajichimbia ndani ya mikoko. Sasa mkoko mnaujua. Ukiwa baharini unaona ukuta wa kijani, basi. Nyuma yake kuna vijito kila upande, na meli yaweza kukaa humo miezi usiione.

Waingereza wakaona njia ni kwenda juu. Novemba 1914 rubani wa kiraia, H. D. Cutler, aliruka na ndege ya Curtiss ya kutua majini kutoka kisiwa kidogo cha Niororo, akaiona Königsberg kwa macho. Baadaye zikaletwa ndege nyingine, na joto na unyevu wa huku kwetu ukazitesa kweli kweli. Kuna zilizoshindwa hata kupaa zikiwa na mzigo. (Wewe unayelalamika droni inachemka saa saba mchana, hujaanza wewe.) Aprili 1915 ndege moja ikapita juu ya delta na kamera, ikarudi na picha za Königsberg. Tarehe 11 Julai 1915, meli mbili za Waingereza, Severn na Mersey, zikipiga mizinga huku ndege iliyotoka Mafia ikiwaelekeza shabaha, Königsberg ikawa imekwisha.

Hebu fikiria ile picha ya Aprili. Haikuhitaji kupendeza. Haikuhitaji rangi. Ilihitaji kitu kimoja tu: umbo la meli litofautike na mikoko. Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya rezolusheni, kabla haijawa namba kwenye boksi la droni. Ni kiwango cha kuweza kusema "ni hii." Na Rufiji, kusema "ni hii" ilikuwa hukumu.

Ushahidi wa hayo uko hapa Mombasa, na wengi wenu mshapiga selfie nao. Wajerumani waliing'oa mizinga ya Königsberg wakaenda kupigana nayo nchi kavu. Mmoja leo uko Fort Jesus, pamoja na mzinga wa Pegasus. Maadui wawili wa Zanzibar, sasa majirani.

Lakini mzinga wa meli hauna miguu. Vita ile ya Afrika Mashariki, kwa pande zote mbili, ilibebwa na watu. Wapagazi, wale wa Carrier Corps walioacha jina la Kariakor Nairobi na Kariakoo Dar. Walikufa kwa maelfu, wengi kwa magonjwa, njaa na uchovu, si kwa risasi. Hapa kwetu Jomo Kenyatta Avenue, hatua chache tu kutoka ofisi za mabasi, kuna zile sanamu za askari tunazopita kila siku mkononi una madafu. Ni kumbukumbu yao. Tafuta majina ya waliokufa pale. Hakuna hata moja.

Hili si mimi nalalamika tu. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda mpaka 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni.

Kwa hiyo weka hizi mbili pamoja. Kwa ajili ya meli moja, dola kubwa ilivusha ndege baharini, ikatengeneza uwanja Mafia, ikapiga picha mpaka ikaridhika. Kwa ajili ya watu waliobeba vita vyenyewe, hata orodha ya majina haikukamilika. Teknolojia ya kuona ilikuwepo. Kilichoamua nani aonekane vizuri ni aliyeshika kamera, na sababu yake ya kupaa.

Mfano wa pili una sura nzuri kidogo. Januari 1930, Mswisi Walter Mittelholzer, rubani na mpiga picha, alipita na ndege juu ya Kilimanjaro akaipiga picha Kibo kutoka angani. Alikuwa anatafuta picha kali za kuuza na kuchapisha. Kwa lugha yetu, jamaa alikuwa content creator. Picha zake zimehifadhiwa Zürich, na waweza kuziona kwenye intaneti bure. Sasa ujue kwamba zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwa Kilimanjaro mwaka 1912 imeshapotea. Kile alichopiga kama mandhari, leo ni ushahidi. Hakujua. Alitumia tu ubora mkubwa aliokuwa nao siku ile, na negativu zikatunzwa.

Wa tatu ni wa juzi, na wahusika ni wa rika letu. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kuchora ramani ya Unguja na Pemba kwa droni nyepesi, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,300. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa waliorusha. Kila pikseli ya ramani ile ni sentimita chache tu za ardhi. Waliotazama kutoka juu, kwa mara moja, walikuwa wenyeji, na walijua kabla ya kupaa wanataka kuona nini: mipaka, nyumba, miti, ardhi.

Kenya nasi tulichelewa kidogo. Januari 2015 serikali ilizuia droni za watu binafsi bila kibali, na kanuni tunazozitumia zikachapishwa 2020: lazima usajili, uwe na vibali, usipite futi 400. Na kisiwa hiki kina bandari, na uwanja wa ndege na jeshi la majini viko ng'ambo tu. Usirushe kienyeji.

Haya, twende kwenye menyu. Hesabu kidogo, hazimuui mtu.

1080p ni pikseli 1920 kwa 1080, kama milioni 2. 4K ni 3840 kwa 2160, kama milioni 8.3. Mara nne. Lakini tazama hii: droni ndogo yenye lenzi pana ya kawaida ikiwa juu mita 120 inaona upana wa kama mita 180. Kwa 4K kila pikseli inabeba karibu sentimita 5 za ardhi, kwa 1080p sentimita 9 na kitu. Yaani kutoka pale, hata na 4K, kichwa cha mtu ni vidoti vitatu vinne. Humtambui. Shuka mpaka mita 10, na 4K hiyo hiyo inakupa milimita 4 kwa pikseli. Hapo uso una pikseli karibu 40 kwa upana, na mama yake atamjua.

Kwa hiyo kushuka chini kuna nguvu kuliko kuongeza K. Kanuni zangu mimi ni tatu.

Moja: majengo, rekodi 4K, kila mara. Mji wa Kale una roshani za mbao, milango ya nakshi, mapaa ambayo kutoka barabarani huyaoni. Kila ukikaa kidogo nyumba moja imeshushwa, ghorofa imepanda. Rekodi 4K, fremu 25 kwa sekunde (umeme wetu ni wa hezi 50, taa za usiku hazitakuchezacheza), na usiifute orijino. Kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, dakika moja ni kama MB 750; kadi ya GB 64 inakupa zaidi ya saa moja na robo. Weka nakala mbili, disku mbili. WhatsApp si maktaba, inakamua video mpaka mlango wa nakshi unabaki rangi ya kahawia tu. Mittelholzer hatukumbuki kwa alivyopost. Tunamkumbuka kwa sababu negativu zipo.

Mbili: ukitaka kukata video ya kusimama ya TikTok, 4K pia. Ukikata fremu ya 4K kwa kusimama unapata 1215 kwa 2160, inatosha na kubaki. Ukikata 1080p unapata 607 kwa 1080. Ndiyo maana reels za watu zinaonekana zimepakwa mafuta.

Tatu, na hapa ndipo tutakosana: juu ya makazi ya watu, usikimbilie 4K, na usishuke. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa na akili. Baraza iko nje kwa wageni, maisha yako ndani, kwenye ua na juu ya paa, ambako mama anakaa kichwa wazi akianika nguo. Fundi aliyejenga alijua macho yanatoka barabarani. Hakujua siku moja yatatoka angani. Ukipita mita 10 juu ya ua na 4K, umevunja ukuta ambao umesimama miaka mia, hata kama hukugusa jiwe. Wewe utasema "nilikuwa napiga msikiti." Video ikishatoka, mwenye kuikuza si wewe.

Kuna rafiki aliniambia, "Sasa si ndiyo wale wapagazi tena? Ukikataa kuwarekodi watu, watasahaulika." Swali zuri, na nimelifikiria sana. Jibu langu: wapagazi hawakusahaulika kwa kukosa picha ya angani. Walisahaulika kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuandika majina yao. Hakuna rezolusheni inayoonyesha jina. Mtu harekodiwi kutoka juu kama meli iliyojificha. Unateremka, unapiga hodi, unaomba ruhusa, unamuuliza anaitwa nani, na unaliandika.

Droni ni ya mapaa. Mkirekodi mtaa wenu, shukeni pia na simu mkononi muwaulize wazee nyumba ile ilikuwa ya nani, kabla haijashushwa. Mkipata majina, yawekeni hapo chini kwenye komenti pamoja na jina la mtaa. Nitaanza mimi na Mwembe Tayari.