Waliojua Njia ya Kabras

Mwishoni mwa 1883, msafara wa Joseph Thomson, Mskoti aliyetumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, uliteremka kutoka nyanda za Uasin Gishu ukaingia nchi aliyoiandika "Kabaras". Ndiyo Kabras ya leo, nyumbani kwa mji wa Malava. Thomson hakusahaulika: kuna swala wa jina lake, na maporomoko ya Nyahururu nayo yameitwa kwa jina hilo miaka mingi. Waliomvusha salama hawakupewa hata kijito.

Mmoja wao alikuwa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani. Thomson aliunganisha msafara wake na wa Kimameta ili apite Umaasaini, kwa kuwa mzee huyo alizijua njia zake, visima vyake na hongo iliyotakiwa. Maandalizi yenyewe hayakuwa mchezo. Kule Taveta shanga zilibidi zitungwe upya, kwa urefu ambao Wamaasai wangeukubali. Mgeni peke yake asingelijua hilo. Miaka michache baadaye Kimameta huyohuyo alimsindikiza Count Samuel Teleki katika safari iliyofika Ziwa Turkana mwaka 1888.

Huko Kakamega, ambako Kabras ipo, kazi hiyo ya kuwaongoza wageni ilizaliwa upya katika Msitu wa Kakamega. Wachimba dhahabu walimiminika kuanzia 1931, na mwaka 1933 serikali ya kikoloni ikauweka msitu chini ya ulinzi. Wenyeji hawakuacha kuujua: kuni, dawa, mizizi ya mukombero. Kisha wakaja wanasayansi. Mtafiti Marina Cords alianza kuwachunguza kima wa Isecheno, msituni humo, mwaka 1979, na kazi ya namna hiyo haiendi bila vijana wa kijijini wa kuwafuata wanyama kutwa nzima. Mwaka 1985 upande wa kaskazini, Buyangu pamoja na kipande cha Kisere, ukawa hifadhi ya taifa. Mwaka 1995 waongoza watalii wa Isecheno wakaanzisha KEEP, mpango wa kuwafundisha watoto wa shule za jirani thamani ya msitu. Hilo lastahili sifa kuliko linavyopewa: watu wanaoishi kwa kuuonyesha msitu ndio walioanza kuufundisha.

Msitu wa Malava ni kipande kingine cha msitu huo wa mvua, na barabara kuu ya Kakamega kwenda Webuye inapita ubavuni mwake. Wengi huwaona mbega kupitia dirisha la matatu, wakaendelea na safari.

Anayetaka zaidi amtafute mwongozaji mwenyeji kabla ya kupanga chochote, amweleze anachotafuta, kisha amwachie apange siku. Anayependa ndege ataamshwa alfajiri, wakati shorobo wanaposikika. Anayemtaka kima wa De Brazza atapelekwa Kisere. Aprili na Mei mvua ni nyingi na vijia vinateleza, kwa hiyo viatu vizuri ni lazima. Bei wakubaliane mapema, na malipo yafike mkononi mwake mwenyewe. Na atakayeandika habari za safari hiyo, amwombe ruhusa mwongozaji wake, kisha amtaje kwa jina.