Mwanzi Uliozaa Kanuni na Bakora

Ndugu msikilizaji, mwombe Mswahili akutajie mimea yenye shina refu la pingili, naye atakutajia kila mmoja kwa jina lake: muwa, mwanzi, tete, henzirani. Hachanganyi hata kidogo. Mwingereza yeye mara nyingi hutosheka na neno moja tu, "cane". Muwa ni "cane", mwanzi ni "cane", henzirani ya kusukia viti ni "cane", mkongojo wa mzee ni "cane", na kumchapa mtoto bakora nako ni "cane". Leo nataka tulifuate neno hilo tangu lilikotoka, maana limepita hata nyumbani kwetu, nasi tunao mdomoni kila siku jamaa zake bila ya kuwatambua.

Waingereza walilipata neno hilo kwa Wafaransa, Wafaransa wakalirithi katika Kilatini, na Kilatini kililitoa katika Kiyunani, "kanna". Wayunani nao walilichota Mashariki ya Kati, katika lugha za ukoo mmoja na Kiarabu. Watu wa Babeli, waliokaa kando ya mito Tigri na Frati, waliliita tete "qanu". Nchi ile ilikuwa na udongo na matete tele, lakini miti ya mbao nzuri ilikuwa adimu. Kwa hiyo tete lilikuwa nyumba, mkeka na kikapu. Lilikuwa chombo cha kuandikia juu ya udongo mbichi. Tena, kwa kuwa limenyooka, lilikuwa kipimo. Wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba Kitabu cha Ezekieli, sura ya 40, kinataja mwanzi wa kupimia wenye dhiraa sita.

Wataalamu wengi wa asili ya maneno wanakubaliana kuwa kutokana na "kanna" Wayunani walipata "kanon", yaani ufito ulionyooka wa seremala na mwashi wa kupimia kazi yake. Baadaye maana ikapanda kutoka kwenye ukuta hadi kwenye mwenendo wa watu: kama ukuta una kipimo cha kuujulisha kwamba umepinda, basi na binadamu awe nacho. Waarabu wakalichukua neno hilo wakasema "qanun". Sisi tukasema kanuni. Suleiman, Sultani wa Waturuki aliyetawala tangu 1520 hadi 1566, Waturuki humwita Kanuni kwa sababu ya sheria alizozipanga.

Na kalamu je? Kalamu imetoka kwenye "qalam" ya Waarabu, na Wayunani wana "kalamos", ambalo nalo maana yake ni tete. Neno ni jingine lakini mmea ni ule ule. Naam, ndugu msikilizaji, sheria na maandishi, vitu viwili ambavyo tunavihesabu kuwa ndivyo ustaarabu wenyewe, vyote viwili vimeota ukingoni mwa mto.

Lakini shina hili lina historia nyingine, nayo ni chungu ingawa imeanza kwa utamu. Muwa ulianza kulimwa New Guinea maelfu ya miaka iliyopita. Wahindi wakajua kuupika ukawa sukari, Waarabu wakaueneza hadi Hispania, na mwaka 1493 Columbus akauvusha bahari kuupeleka visiwa vya Karibi. Kazi ya miwa ni ngumu na ya haraka, kwa kuwa muwa uliokatwa haungoji. Usipokamuliwa mapema unaharibika. Wenye mashamba wakataka watu wasioweza kukataa, na Afrika ndiyo iliyolipa. Pwani yetu haikusalimika. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe kwenye visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Kimoja cha visiwa hivyo leo ni nchi ya Mauritius, ambako katika karne ya 19 muwa uliyashinda mazao mengine yote.

Kuhusu kuchapa, Waingereza walianza kulitumia neno hilo kwa maana ya kumpiga mtu kwa fimbo katika karne ya 17. Baadaye henzirani kutoka Asia ya Kusini-Mashariki ikawa fimbo ya mwalimu katika shule zao, na kutoka huko desturi ikasambaa katika makoloni. Kwetu Tanganyika Wajerumani walikuwa wamekwisha kutangulia na kiboko cha ngozi, na hamsa wa ishirini zao ambazo wazee walizisimulia kwa uchungu. Mwingereza alipofika alikuta migongo imekwisha kuzoezwa.

Sasa tazama mambo yalivyogeuka. Waingereza wenyewe waliiondoa fimbo katika shule zao za serikali mwaka 1987, na kwa England na Wales shule za binafsi zikafuata mwaka 1999. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2001, na Katiba yake ya 2010 ikatia mkazo. Tanzania Bara fimbo imebaki, chini ya kanuni zilizotungwa mwaka 1979 na kurekebishwa mwaka 2002: viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni.

Hebu fikiri. Katika ofisi moja ya mwalimu mkuu zimekutana kanuni, kalamu na bakora. Kanuni imewekwa ili ipime bakora, na kalamu ishuhudie. Lakini mwezi Agosti 2018, mkoani Kagera, mwanafunzi wa darasa la tano alifariki dunia baada ya kupigwa shuleni kwa tuhuma ya wizi wa mkoba. Siku ile mwanzi wa kupimia haukuwa na nguvu mbele ya mwanzi wa kuchapia.

Wapo watakaosema kuwa bila fimbo mtoto hanyooki, na methali wanazo. Mimi nawauliza swali moja tu. Mwashi wa Babeli alikuwa na ufito mkononi, na ukuta uliopinda ulikuwa mbele yake. Je, aliutumia kuupiga ukuta, au kuuonyesha ulipopinda?