Nani Hulipia Treni ya Abiria? Funzo la Historia ya Reli Zetu

Katika masomo ya siasa tunafundisha kwamba njia kuu za uchumi ni lazima ziwe mikononi mwa umma. Kada huikariri sentensi hiyo, huiandika katika mtihani, kisha huenda kazini. Swali linalofuata, ambalo ni gumu zaidi, mara nyingi halifikiwi kabisa: njia kuu ya uchumi ikishakuwa ya umma, nani ataigharamia, na itumikie tabaka lipi? Katika makala hii nakusudia kulichambua swali hilo kwa kutumia treni ya abiria ya safari ndefu, kwa sababu hapo mambo hujitokeza waziwazi. Tangu reli ilipoanza nchini mwetu, treni ya abiria wa kawaida haikuishi kwa nauli peke yake. Iliishi kwa uamuzi wa kisiasa. Na kila uamuzi huo ulipolegea, aliyeteremshwa kwanza ni mtu wa daraja la tatu.

Tuanze na Mjerumani. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Wapo wanaoieleza reli hii kama kazi ya mabepari mashujaa waliothubutu kuhatarisha mitaji yao. Hali halisi ni kinyume. Mabenki ya Ujerumani hayakutoa mtaji mpaka bunge la nchi yao lilipodhamini riba kwa fedha za serikali. Kwa maneno mengine, bepari alitaka faida iwe yake na hasara iwe ya umma. Ruzuku, ndugu msomaji, haikuletwa na Ujamaa. Ilikuja na taruma la kwanza.

Waingereza walirithi reli hiyo, wakaikamilisha njia ya Tabora hadi Mwanza mwaka 1928, na wakaendesha mabehewa kwa madaraja yaliyolingana na rangi za watu. Mwafrika alikuwa wa daraja la tatu. Wengi waliopanda huko walikuwa manamba waliotolewa magharibi ya nchi kwenda kukata mkonge, na nauli yao ililipwa na waajiri kupitia shirika lao la kuandikisha vibarua, SILABU. Kwa hiyo hata wakati huo abiria maskini alisafirishwa kwa fedha za mtu mwingine, lakini alisafirishwa kama nguvu kazi, kwa manufaa ya mwenye shamba.

Hapa nataka tutulie kidogo, kwa sababu zipo njia mbili za reli ambazo makada wengi vijana hawazijui vizuri, na zinafundisha kuliko vitabu vingi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakoloni walijenga reli ya Kusini kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya mradi mkubwa wa karanga. Karibu na wakati huohuo walijenga tawi la Kaliua hadi Mpanda kwa ajili ya mgodi wa risasi. Njia zote mbili zilijengwa kwa mzigo mmoja tu, na mizigo yote miwili ikafa. Mradi wa karanga uliachwa mwaka 1951. Mgodi wa Mpanda ulifungwa karibu na wakati wa Uhuru. Reli ya Kusini ilifungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang'olewa. Tawi la Mpanda likaachwa.

Tazama matokeo yake. Watu wa Kusini walibaki na barabara ambayo masika ilikuwa ikiwatenga na nchi yao wenyewe, mpaka daraja la Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003. Watu wa Mpanda waliendelea kupanda treni. Mpunga, mahindi, asali na mgonjwa wa hospitali vilipita katika njia iliyokuwa imejengwa kwa ajili ya risasi. Kwa mahesabu ya mwenye duka, njia zote mbili zilistahili kung'olewa. Kwa mahesabu ya taifa, ile iliyong'olewa ilitugharimu miaka arobaini. Ni haki tukiri kwamba iling'olewa wakati bendera yetu ilikuwa imekwisha kupanda.

TAZARA nayo ilizaliwa kwa kuyakataa mahesabu ya namna hiyo. Benki ya Dunia ilikataa kuigharamia katika miaka ya 1960 kwa hoja kwamba haitalipa. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda hawakukubali, na mwaka 1967 China ikatia saini kutoa mkopo usio na riba. Kilomita 1,860 zilijengwa kati ya 1970 na 1975, na reli ikakabidhiwa Julai 1976. Lengo kubwa lilikuwa kuiokoa shaba ya Zambia isipite katika mikono ya makaburu na walowezi. Lakini ile treni ya kawaida, inayosimama kila kituo, iligeuzwa na wakulima wa bonde la Kilombero kuwa soko lao. Huko Mang'ula, Ifakara na Mlimba, mchele na ndizi vilipakiwa na watu ambao katika mpango wa shaba hawakutajwa popote.

Wengine husema haya ni mambo ya nchi maskini. Basi tuwatazame mabepari wenyewe. Huko Marekani kampuni binafsi za reli zilichoka kubeba abiria kwa sababu mzigo ulilipa zaidi, na mwaka 1970, chini ya Rais Nixon, ikatungwa sheria ya kuunda shirika la taifa la treni za abiria, Amtrak, lililoanza kazi tarehe 1 Mei 1971. Lilitarajiwa kujitegemea baada ya muda mfupi. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado Bunge lao hupitisha fedha zake. Treni zake za safari ndefu, zinazovuka majimbo mengi, ndizo zinazopata hasara kubwa, na ndizo zinazotetewa kwa nguvu bungeni, kwa kuwa kila mbunge ana mji wake mdogo wenye stesheni. Nchi inayowahubiria wengine soko huria huamua suala la treni kwa kura.

Sasa turudi kwetu, na hapa lazima tujikosoe. Shirika la Reli Tanzania lilianzishwa 1977 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lilirithi injini chache kuliko mahitaji, na likarithi pia tabia ya urasimu. Nauli iliwekwa chini kwa sababu za kisiasa, jambo ambalo ni sahihi, lakini tofauti kati ya nauli na gharama haikulipwa kikamilifu, jambo ambalo si sahihi. Huko ni kumwagiza mtu achote maji bila kumpa ndoo. Mabehewa yalichakaa, na shirika likalaumiwa kwa uchakavu huo. Katika miaka ya 1990 treni ya abiria ya Moshi ilisimama, na haikurudi mpaka Desemba 2019.

Mwaka 2007 reli ilikabidhiwa kwa mkataba wa miaka 25, kampuni ya RITES ya India ikiwa na hisa asilimia 51 na Serikali 49. Ilielezwa kwamba mwekezaji angeuondolea umma mzigo. Mwaka uliofuata wafanyakazi waligoma kudai mishahara, na Serikali ikatoa fedha. Safari za abiria zilipungua, na mwisho wa 2009 mafuriko ya Kilosa yakaibomoa njia. Ilipofika 2011 hisa zote zilikuwa zimerudi serikalini. Yaani katika miaka minne umma ulilipa kama kawaida, ila haukuwa na sauti ya mwenye mali.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi wangu hulishangaa kila ninapolieleza. Barabara zilipata mfuko wake kwa sheria ya mwaka 1998, unaojazwa na tozo ya mafuta. Hakuna aliyewahi kudai barabara ya Manyoni ioneshe faida yake mwisho wa mwaka. Reli ilisubiri hadi 2015 ndipo ikatengewa tozo ya asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini. Miaka 17 tulishindanisha basi linalopita katika njia ya umma na treni inayojilipia njia yake, kisha tukasema treni imeshindwa.

Tozo hiyo, pamoja na mikopo na bajeti, ndiyo iliyofungua njia ya reli ya kisasa. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na Dodoma ikafikiwa mwezi uliofuata. Ni ushindi, na mtu asiyeukubali ana husuda. Lakini mapambano ya kitabaka hayaishi kwa sababu behewa lina kiyoyozi. Mtumishi anayekwenda Dodoma kwenye kikao ana sauti, na treni yake itatetewa. Mama anayetoka Uvinza na gunia la chumvi, au anayeshuka usiku katika kituo kisicho na lami, treni yake ni ile ya geji ya mita, na hatetewi na mtu isipokuwa Chama kimtetee.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Gharama ya treni ya abiria ya Kigoma, Mwanza na Mpanda iandikwe katika bajeti kwa fungu lake, kwa jina lake, kama huduma kwa umma, ijadiliwe bungeni na ilipwe yote, badala ya kufichwa katika hasara za shirika. Na matawi ya Chama yaliyo kando ya reli, kuanzia Ngerengere hadi Kaliua, yaanze sasa kuweka daftari: treni ilipita siku gani, ilichelewa saa ngapi, walipanda watu wangapi, walibeba nini, na wangapi walibaki stesheni kwa kukosa nafasi.