Mafuta Yaondoke, Misuli Ibaki

Wengi wetu tukitaka kupunguza unene, jambo la kwanza ni kuacha kula. Mizani ikishuka tunashangilia. Lakini mizani haikuambii kama kilichoondoka ni mafuta au ni misuli.

Mwaka 1912, mjini Boston, Marekani, mtaalamu Francis Benedict alimchunguza Agostino Levanzin kutoka Malta, aliyekaa siku 31 bila kula, akinywa maji tu. Mkojo wake ulipimwa kila siku, kwani protini ya mwili ikivunjwa, naitrojeni yake hutoka na mkojo. Alipungua kilo 13 hivi, na naitrojeni ilitoka hadi siku ya mwisho. Mwili ulikuwa ukijila, misuli na mafuta pamoja.

Miaka ya 1970, mjini humo humo, Dkt. George Blackburn aliwapa wagonjwa wanene chakula kidogo sana, lakini cha protini: nyama isiyo na mafuta, samaki, kuku, pamoja na madini na vitamini. Daktari aliwaangalia kwa karibu. Misuli ilihifadhiwa vizuri zaidi kuliko kwa kufunga kabisa.

Basi, wafanyabiashara wakanusa pesa! Mwaka 1976 Dkt. Robert Linn alitoa kitabu "The Last Chance Diet", na protini ya maji ikajaa madukani. Nyingi ilitokana na ngozi na mifupa ya wanyama, jamii ya jelatini, ambayo haina viini vyote mwili unavyohitaji. Watu waliishi kwa chupa hizo kwa miezi. Kufikia 1978 vifo zaidi ya 50 vilikuwa vimeripotiwa, vingine vya wanawake vijana ambao hawakujulikana kuwa na ugonjwa wa moyo. Moyo nao ni msuli, ndugu yangu. Mapigo yao yalivurugika ghafla.

Kwa hivyo punguza sukari, chapati na vyakula vya kukaanga, lakini usiondoe maharagwe, ndengu, omena, yai au maziwa mezani. Misuli pia hubaki ikitumiwa. Mama anayelima na kubeba maji tayari anaifanyisha kazi. Wewe wa ofisini, simama na kuketi kitini mara kumi, pumzika, rudia, siku mbili tatu kwa wiki. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kabla ya kuongeza protini.