Hazina ya Misali: Juu ya Kuwachagulia Watu Vitabu vya Hadithi

Bandari ya Wesha, iliyo magharibi ya mji wa Chake Chake katika kisiwa cha Pemba, imeelekea kisiwa kidogo cha Misali. Juu ya kisiwa hicho wenyeji wamerithi hadithi mbili. Ya kwanza yasema kwamba Nabii Hidhri alifika hapo akaomba msala wa kusalia. Msala ulipokosekana, alisema kuwa kisiwa chenyewe ndicho msala, kwa kuwa kimeelekea kibla, na jina la Misali likatokana na neno hilo. Ya pili yasema kwamba Kapteni Kidd, haramia wa Kiskoti aliyenyongwa London mwaka 1701, alificha mali yake humo. Hazina hiyo haijaonekana, lakini hadithi haikufa kwa sababu hiyo, maana anayesikiliza hadithi hadai kuonyeshwa dhahabu.

Mwaka 1929 kilichapishwa kitabu cha Kiswahili kiitwacho Kisiwa chenye Hazina. Kilikuwa tafsiri ya hadithi ya Robert Louis Stevenson, na mfasiri wake alikuwa Frederick Johnson, ambaye mwaka uliofuata alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki. Mkono huo huo ulileta Mashimo ya Mfalme Sulemani na Safari za Gulliver. Vitabu hivi vilisomwa shuleni miaka mingi. Basi mtoto wa Pemba, ambaye kisiwa cha hazina alikuwa nacho mbele ya macho yake, alitiwa mkononi kisiwa cha hazina cha Mskoti. Wala haikuwa hasara tupu. Tafsiri ilikuwa nyepesi kusomeka, na mtoto aliyelelewa kando ya majahazi hakuhitaji kufundishwa hofu ya bahari. Lakini yafaa kuuliza: aliyemchagulia kitabu hicho alikuwa akimtazama nani?

Kwa sehemu kubwa alikuwa akiitazama lugha. Kamati iliundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili juu ya msingi wa Kiunguja, na vitabu vya shule vilipitiwa ili ithibitike kwamba lugha yake ni ya sawa. Kazi hiyo ilikuwa na manufaa, na matunda yake yanaliwa hata leo. Hata hivyo kitabu kilichopimwa kwa lugha peke yake kilimfikia mtoto kama somo, hakikumfikia kama hadithi. Kwa mtoto wa Pemba jambo hilo lilikuwa zito zaidi, maana nyumbani alisema Kipemba, na usanifu wa kitabu ulimtaka ajifunze maneno kwanza ndipo afurahi.

Kabla ya hapo mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwenye kusimulia aliita "Paukwa", akaitikiwa "Pakawa", na waitikiaji walikuwa nyumba nzima. Mtoto alicheka kwa hila za Sungura, kijana alizitia akilini, na mzee alimtambua ndani yake jirani yake. Ushairi nao ulikuwa vivyo hivyo. Tungo za Kamange na Sarahani, washairi wakubwa wa Pemba, zilihifadhiwa vifuani mwa watu na katika miswada mpaka zikakusanywa katika kitabu Kale ya Washairi wa Pemba, kilichotoka mwaka 2011. Kisiwa hakikupungukiwa na maneno. Kilichokosekana ni hadithi ndefu iliyopigwa chapa, yenye watu na nyumba za visiwani.

Upungufu huo ulianza kuzibwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948. Katika mashindano yake ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958, Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipata tuzo ya kwanza kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960. Mwaka huo huo kilitoka Kurwa na Doto cha Muhammad Saleh Farsy, kinachoeleza maisha ya kijiji cha Unguja. Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, ana kiko chake kama Sherlock Holmes, lakini mazungumzo yake, adabu zake na mizaha yake ni ya visiwani. Hapo ndipo msomaji alipofungua kitabu kwa hamu ya kujua mwisho wake, bila kungoja maswali ya mwalimu.

Kutokana na safari hiyo yaweza kusemwa nani apewe nini. Watoto wadogo waanzie kwa Abunuwasi, ambaye ujanja wake hauhitaji maelezo. Kisha wapewe Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2015, iliyokuja miaka 75 baada ya Elisi ya kwanza ya mwaka 1940. Wakiongeza umri wapewe Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952, wajue husuda hufanya nini kati ya ndugu. Vijana wapewe Bwana Msa, pamoja na Kisima cha Giningi cha mwaka 1968; halafu Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, ambamo Maimuna afungiwa nyumbani kwa jina la heshima, na heshima hiyo hiyo yamtoa mbio. Watu wazima wasome Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1976, ambayo shamba na urithi ndiyo mizani yake. Na Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, iliyotafsiriwa mwaka 2022. Wenye kuishi kwa bandari wasikose Kuli ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, ambamo Rashidi arithi kazi ya baba yake ya kubeba mizigo, mpaka mgomo wa mwaka 1948.

Lakini mtihani mkubwa wa mwenye kuchagua umo katika vitabu viwili vingine vya Adam Shafi. Kasri ya Mwinyi Fuad, ya mwaka 1978, yaonyesha dhuluma ya mwenye shamba kwa mtumishi wake Kijakazi, na mapinduzi ya mwaka 1964 yakija kama ukombozi. Haini, ya mwaka 2003, yaingia katika vyumba vya mahabusu, na msingi wake ni kukamatwa kwa watu baada ya kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume mwaka 1972. Mwandishi ni mmoja na nchi ni moja. Anayempa msomaji kitabu cha kwanza akamficha cha pili, au cha pili akamficha cha kwanza, amempa nusu ya habari na kumwacha adhani kuwa ni nzima. Mtu mzima astahili vyote viwili, na uamuzi ni wake.

Shule nayo ina deni. Kitabu kilichowekwa katika mtihani husomwa na maelfu, na hiyo ni baraka. Ila mara nyingi husomwa kwa kutafuta dhamira na wahusika, kisha hufungwa siku ya matokeo. Mwalimu wa Wesha asiye na fedha za vitabu vingi aweza kuanza na bure. Awaambie wanafunzi wamwulize bibi au baharia habari za msala wa Hidhri na mali ya Kidd, waziandike kwa Kipemba kama walivyozisikia, ndipo awape Kisiwa chenye Hazina. Hapo tafsiri ya mwaka 1929 haitakuwa tena somo la lugha. Itakuwa hadithi ya mgeni mbele ya wenyeji wenye hadithi yao.