Mkulima Mwenye Bastola Mbili

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Kaeni vizuri, tuanze.

Leo tutajifunza habari za mkulima mmoja wa Uskoti, nchi iliyo kaskazini ya Uingereza. Jina lake George Smith. Mkulima huyu alikata leseni ya kazi yake. Jambo hilo laonekana dogo, lakini kwa ajili ya leseni hiyo majirani zake walitaka kumchoma moto. Kwa nini? Hilo ndilo somo letu.

Habari yenyewe ni ya kinywaji kikali kiitwacho wiski. Najua kati yenu wako wasiogusa kileo kwa ajili ya dini yao, na wengine kwa hiari yao. Wasiwe na wasiwasi. Hatukukutana hapa kufundishana kunywa. Tumekutana kujifunza jinsi sheria mbaya inavyoweza kuharibu kazi ya watu, na jinsi sheria nzuri inavyoweza kuitengeneza.

Kwanza, wiski ni nini? Akina mama wanaotengeneza togwa wanajua kimea, yaani nafaka iliyolowekwa mpaka ikaota, kisha ikakaushwa na kusagwa. Waskoti hufanya vivyo hivyo kwa shayiri. Lakini jua lao ni haba, kwa hiyo hukausha kimea kwa moto. Kisha hukitia maji ya moto ili utamu utoke, halafu hutia hamira, na maji yale huchacha. Mpaka hapo ni kama pombe yo yote. Ndipo huichemsha katika chungu kikubwa cha shaba nyekundu. Mvuke hupanda, hupita katika bomba, hupozwa, na kugeuka matone. Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa mara mbili. Mtu aliyepata kuona mtambo wa gongo ataelewa mara moja.

Waskoti wa milimani waliita kinywaji hicho, kwa lugha yao ya Kigaeli, “uisge beatha”, maana yake maji ya uhai. Neno wiski limetoka hapo. Kazi hii ni ya zamani sana. Hesabu za hazina ya mfalme wa Uskoti za mwaka wa 1494 zinataja kimea alichopewa mtawa mmoja, John Cor, ili atengeneze kinywaji hicho.

Basi, shida ilianza wapi? Ilianza kwenye ushuru. Serikali ilikuwa na vita vya kulipia, nayo ikapandisha ushuru wa pombe kali mara kwa mara. Tena ikakataza mitambo midogo. Mkulima wa milimani hakuwa na fedha za kununua mtambo mkubwa. Lakini shayiri alikuwa nayo, na kodi ya shamba ilimpasa kuilipa. Akafanya nini? Akapika kwa siri.

Mahali palipojulikana sana kwa kazi hiyo ni bonde la mto Livet, liitwalo Glenlivet. Bonde hilo limezungukwa na milima, na njia zake zilikuwa mbaya. Inasemekana palikuwa na mitambo ya siri ipatayo 200. Usiku watu walipakia wiski juu ya farasi wadogo, wakavuka milima kwenda kuiuza mijini. Askari wa ushuru waliwafuata, na mara nyingine watu walipigana.

Jambo la kuchekesha ni hili. Mwaka wa 1822 Mfalme George wa Nne alikwenda Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti. Bibi mmoja, Elizabeth Grant, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba mfalme hakutaka wiski nyingine ila ile ya Glenlivet, na kwamba yeye mwenyewe alitoa ya nyumbani kwao, iliyokaa siku nyingi katika pipa na kuwa laini. Sasa fikirini, wanafunzi: wiski hiyo ilikuwa ya magendo! Mfalme alikunywa kile ambacho askari wake walikuwa wakikimwaga.

Wakubwa wengine waliona kwamba mambo hayawezi kuendelea hivyo. Mmoja wao alikuwa Duke wa Gordon, mwenye ardhi ya Glenlivet. Aliiambia Serikali kwamba ikiwapa watu njia halali wanayoiweza, magendo yatapungua. Mwaka wa 1823 sheria mpya ikapitishwa. Leseni ikawa pauni 10 kwa mwaka, na ushuru ukapunguzwa kwa zaidi ya nusu.

George Smith alikuwa mpangaji katika ardhi ya Duke huyo. Naye alikuwa amepika kwa siri kama wenzake. Mwaka wa 1824 akakata leseni, wa kwanza katika Glenlivet. Majirani wakakasirika sana. Walimwona msaliti. Waliogopa kwamba mmoja akitoka hadharani, askari watawajia wote. Wakasema watachoma mtambo wake, naye mwenyewe akiwa ndani.

Tusiwahukumu majirani hao upesi. Magendo ndiyo yaliyowalipia kodi ya shamba. Kwao leseni ya Smith ilikuwa kama mtu anayefunga kisima cha kijiji.

Bwana mmoja wa jirani, mwenye ardhi ya Aberlour, akampa Smith bastola mbili. Smith alieleza baadaye kwamba kwa miaka mingi hakuthubutu kutoka bila bastola hizo kiunoni. Hakukimbia, wala hakurudisha leseni. Katika miaka iliyofuata magendo yalipungua sana, na wengine wakafuata njia yake. Smith alifariki mwaka wa 1871. Jina la bonde lake lilikuwa limekwisha kupata sifa hata wenye mitambo ya mahali pengine walilitumia juu ya chupa zao. Mwanawe, John Gordon Smith, akaenda mahakamani. Mwaka wa 1884 ikaamuliwa kwamba wiski ya akina Smith peke yake itaitwa “The Glenlivet”. Wengine ilibidi watangulize jina lao wenyewe.

Sasa tuangalie leseni ilileta faida gani ndani ya kikombe. Wiski inapotoka mtamboni ni nyeupe kama maji, nayo inachoma koo. Dawa yake ni pipa la mti wa mwaloni na subira. Mti huipa rangi ya asali, na ukali hupungua. Mpikaji wa magendo aliwezaje kungoja? Alitaka kuuza kabla ya kupambazuka. Ni matajiri wachache walionunua kwake walioweza kuiweka. Lakini mtu mwenye leseni aliweza kulaza mapipa ghalani miaka mingi bila hofu. Siku hizi sheria inaamuru wiski ya Uskoti ikae katika pipa miaka 3 au zaidi, na ziko zinazokaa 12, 18, au zaidi ya hapo.

Kungoja kuna gharama. Kila mwaka karibu sehemu 2 katika kila 100 hupotea hewani kupitia mti wa pipa. Waskoti huiita sehemu ya malaika. Haya, tufanye hesabu: pipa lenye lita 200 likikaa miaka 18, litabaki na lita kama 140 tu. Ndiyo maana wiski ya zamani ni ghali.

Waonjaji wa kazi hii hawanywi kwa pupa. Hutia kidogo katika bilauri, hutazama rangi, hunusa, hutia matone machache ya maji, kisha huonja kwa ncha ya ulimi. Katika wiski ya Glenlivet husema wanasikia harufu ya maua, ya asali, hata ya nanasi, ingawa nanasi halikutiwa. Harufu hizo hutokana na hamira, na shaba, na mti, na miaka.

Afrika ya Mashariki nayo inalijua swali hili. Kenya ilipiga marufuku chang’aa mwaka wa 1980, lakini watu waliendelea kuipika kwa siri, na wengine walikufa au kupofuka kwa kunywa iliyochanganywa sumu. Mwaka wa 2010 sheria mpya ikaruhusu ipikwe kwa leseni. Sheria moja haimalizi kazi yote. Lakini mmeona kwamba kukataza peke yake hakukuzima moto.

Wanafunzi, kumbukeni neno moja: kazi ifanywayo gizani haina nafasi ya kungoja, na kitu kizuri hutaka kungojewa. Mvumilivu hula mbivu.

Sasa zungumzeni na mwalimu wenu:

1. Kwa nini wakulima wa Glenlivet walipika kwa siri?
2. Je, George Smith aliwasaliti majirani zake, au aliwafungulia njia? Toeni sababu.
3. Katika mahali penu, iko kazi ifanywayo kwa siri kwa sababu leseni yake ni ghali? Ingefaa ifanyweje?

Kwa herini.